Risala ya Kikundi cha Watu Wenye Uoni Hafifu, Mbagala, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uoni Duniani

Ndugu mgeni rasmi, viongozi wa mtaa, wauguzi na ndugu zetu, assalamu alaykum, tumsifu Yesu Kristo.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Mbagala. Leo hatuombi miwani wala dawa. Tunaomba kuzungumzia namna tunavyopimwa.

Kliniki tunasomeshwa ubao wa herufi, aina aliyoibuni Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862. Wanachama wetu wawili waliandikiwa 6/60: kitu anachokiona mwenye macho mazima akiwa mita 60, wao hawakioni mpaka wakisogelee mita 6. Mmoja anauza maandazi kila alfajiri. Mwenzake huu mwaka wa pili hajapanda daladala, kwa hofu ya kushushwa kituo asichokijua. Kwenye kadi zao, hali ni moja.

Ndiyo maana tumelipenda dodoso la maswali 25 la Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani. Linauliza kama unapata shida kushuka ngazi usiku, kama unashinda ndani kwa sababu ya macho, kama unaogopa kuaibika mbele za watu. Alama ni 0 hadi 100, na 100 ndiyo hali njema. Mwenye glakoma anaweza kuusoma ubao vizuri tu huku akipigana vikumbo na watu Kariakoo, kwa kuwa ugonjwa huo mara nyingi huanza kula uoni wa pembeni. Ubao hauyaoni hayo. Maswali huyaona.

Dodoso hilo linauliza pia kuhusu kuendesha gari, na wengi wetu hatujawahi kushika usukani. Sisi tuulizwe kuhusu mwendokasi na bajaji. Tuulizwe kuhusu pesa za kwenye simu: kumpa mtoto wa jirani simu pamoja na namba ya siri akusomee salio kunauma kuliko kushindwa kusoma gazeti.

Ndugu mgeni rasmi, tunaomba kliniki zituulize maswali ya namna hii kabla na baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Yawe kwa Kiswahili chetu, yasomwe kwa sauti, na msomaji asiwe ndugu aliyemsindikiza mgonjwa. Mama hawezi kumwambia mwanawe usoni kwamba anajiona mzigo.

Tumeanza wenyewe kwa kusomeana. Majibu yetu, bila majina, yamo kwenye bahasha atakayokukabidhi mwenyekiti.

Tunaomba kuwasilisha.