Picha za meli Jumamosi: naomba mthibitishe

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tukutane saa 12:15 asubuhi Capri Point, Mwanza, upande wa magharibi, jua likitoka liwe mgongoni kwetu. Msichelewe: joto likipanda, hewa juu ya maji hucheza na meli ya mbali hutoka na ukungu.

1. Mchango 5,000/= (chai na chapati) kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi saa 2 usiku.
2. Shata (muda kamera inaopokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde inatosha kwa meli. Ndege mdiria anataka 1/2000. Akisimama hewani huku anapiga mabawa, kaa tayari, anakaribia kupiga mbizi.
3. Kitambaa kikavu cha lenzi. Wadudu wadogo wa ziwani ukiwafuta kwa kidole wanaacha mafuta.

Bandarini hatupigi picha bila kibali, tafadhali sana.

Jibu NIPO au SIPO kabla ya kesho jioni, nipange usafiri.