Redio zetu, tupangieni siku ya kupokea vichekesho vya wiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na vituo vya redio vya hapa Arusha na vya jirani zetu Moshi, hasa watayarishaji wa vipindi vya asubuhi. Mara kwa mara tunasikia mtangazaji akisema, "Msikilizaji, kama una kichekesho cha matukio ya wiki, tutumie." Watu wanatuma. Baada ya hapo ni kimya.

Mimi nina steshenari Ngarenaro. Mchana nachapa barua za maombi ya kazi, risala za harusi na mikataba ya kupanga vyumba. Usiku nikishafunga naandika vichekesho vya redio, na vijana wa mtaani walipojua hilo wakaanza kuniletea vyao niwachapie. Wanakuja na madaftari, wengine wameandika kwenye simu. Nimeona kazi nzuri sana zikipita mikononi mwangu, na nimeona zinavyokufa.

Nitoe mfano mmoja. Machi 2025 Serikali ilitoa kanuni za kukataza bei za ndani ya nchi kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Huku kwetu, mji wa watalii, hilo lilikuwa jambo kubwa. Wakati huohuo kila mtu anaizungumzia AFCON ya 2027, ambayo tutaandaa pamoja na Kenya na Uganda, na uwanja mpya wa huku Arusha. Kijana mmoja akayaunganisha yote mawili. Mwenye nyumba wa karibu na uwanja anamgongea mpangaji wake mlango:

MWENYE NYUMBA: Mama Neema, kuanzia mwezi ujao kodi ni mia mbili.
MPANGAJI: Shilingi mia mbili? Baba, Mungu akubariki!
MWENYE NYUMBA: Sijasema shilingi.
MPANGAJI: Sasa mia mbili nini?
MWENYE NYUMBA: Serikali imenikataza kutaja.

Nilipokuwa nachapa nilicheka mpaka mteja wa fotokopi akauliza kuna nini. Angalieni kilivyoshonwa: sauti mbili tu, hodi ya mlangoni inakuonyesha uko wapi, na jina la Mama Neema linatajwa kwenye mstari wa kwanza ili aliye ndani ya daladala ya Kwa Mrombo, kelele zote zile, ajue nani anaongea na nani. Hakuna kitu kinachohitaji macho. Ndivyo redio inavyotaka.

Akakituma siku hiyohiyo kwa WhatsApp, kwenye namba iliyotangazwa. Tiki zikawa za bluu. Wiki ikapita, na ya pili. Hakujua kama kimekataliwa au bado kinasubiri zamu, na tangazo lilikuwa limesema kazi isipelekwe kituo kingine. Kwa hiyo akakaa nacho. Habari ya dola ikapoa na kichekesho kikapoa nayo. Hadithi ya mapenzi unaweza kuiweka kabatini mwaka mzima ukaitoa ikiwa vilevile. Kichekesho cha habari ni ndizi mbivu.

Uingereza jambo hili wamelifanya kwa miaka mingi. Redio ya BBC ilikuwa na kipindi kinaitwa Week Ending, kuanzia 1970 hadi 1998, kilichopokea vichekesho vya habari kutoka kwa watu wasio na mkataba wala jina. Mwaka 2009 kikaanza kingine, Newsjack, kwa utaratibu huohuo wa mlango wazi. Walitaja siku na saa ya mwisho ya kupokea, na idadi ya vichekesho ambavyo mtu mmoja anaruhusiwa kutuma kwa wiki. Ambaye kazi yake ilirushwa hewani alilipwa, na jina lake likasomwa mwishoni mwa kipindi.

Wao hawakumjibu kila aliyetuma. Nalisema hili kwa sababu najua watayarishaji wetu watadai hawana watu wa kujibu meseji zote. Hatuwaombi hivyo! Siku ikijulikana, kipindi chenyewe kinakuwa jibu. Kikirushwa Ijumaa bila kichekesho chako, unajua kimekwama, unabaki huru kukipeleka kwingine au unakaa chini unaandika cha wiki inayofuata. Mwandishi mgeni hukomaa kwa kuandika kila wiki, na atawezaje kuandika kila wiki kama cha wiki iliyopita bado kimemning'inia?

Kuhusu malipo, vocha ya elfu mbili si malipo, ni shukrani. Kituo kiseme kinalipa kiasi gani kwa dakika, hata kama ni kidogo, na kilipe. Vijana nao nawaambia, kwa sababu wengi huniuliza kama lazima kwanza wagongewe muhuri: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi yako inalindwa tangu ulipoiandika. Wazo tupu ndilo halilindwi. Kwa hiyo usimsimulie mtu kichekesho chako kwa mdomo kwenye korido ya kituo. Kiandike kwanza, weka tarehe na jina lako juu.

Na watayarishaji mnatuhitaji. Nasikiliza redio kutwa nzima dukani, na vichekesho ninavyosikia ni vilevile vya mlinzi wa Kimasai anayeongea Kiswahili cha kuvunjika, Mchaga na hela zake, mke mwenye wivu na simu ya mumewe. Vinawadhalilisha majirani zetu na havina habari yoyote ndani yake. Waandishi wawili wa ndani ya kituo wakichoka, huko ndiko hukimbilia. Nje kuna wauza mitumba, makonda na wanafunzi wa vyuo wanaojua wiki hii maji yamekatika mtaa gani na diwani kasema nini kwenye mkutano. Hao ndio wenye matukio ya wiki.

Naomba basi, kabla ya AFCON kufika, kituo kimoja tu kianze. Kitangaze siku ya mwisho, urefu wa kichekesho, malipo, na ahadi ya kutaja jina la mtunzi hewani. Tangazo hilo nikilipata nitalichapa na kulibandika mlangoni kwangu, na Jumapili mchana nitawaachia vijana kompyuta bila malipo waandike.

Mwenye steshenari,
Ngarenaro, Arusha