Kitabu cha Eclipse bado kinafunza

Mhariri, naomba nafasi. Nilinunua kitabu cha mtumba pale barabara ya Tom Mboya, cha kutengeneza apu za simu kwa Eclipse, programu ya kompyuta ya kuandikia programu nyingine, nikakaa nacho usiku baada ya usiku, kufika ukurasa wa plagini ya Android, kile kiongezo cha kuiwezesha Eclipse kutengeneza apu za Android, ikagoma, kumbe Google waliacha kuihudumia mwisho wa 2015 kazi ikahamia Android Studio, programu yao wenyewe ya kazi hiyo. Lakini sijutii hata kidogo, maana ndicho kilinionyesha kubonyeza pembeni mwa mstari ili kodi, yaani maagizo ya programu, isimame hapo ikiendeshwa, halafu unaipitia mstari kwa mstari ukiona namba zilizohifadhiwa ndani yake zikibadilika, kitufe cha Eclipse ni F6, cha Android Studio ni F8, basi. Maktaba zetu jameni zituletee vitabu vipya, wengi wetu huku Eastlands hatuna bando za kutazama video za mafunzo.

Msomaji, Nairobi