Mpe binti huyo habari za Hume-Rothery

Dar es Salaam

Mpendwa rafiki yangu,

Hujambo wewe na wanao? Sisi huku wazima, alhamdulillahi.

Barua yako kuhusu yule binti wa kidato cha tano imenikaa moyoni. Kupoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo katika umri ule, kisha watu wazima wamwambie kwamba fizikia haimfai tena! Hapana, sikubali. Mpe habari za William Hume-Rothery, mwanasayansi wa metali, na uanze na kazi yake, ugonjwa ufuate baadaye.

Lakini wewe nikueleze kwa mpangilio. Alizaliwa Uingereza mwaka 1899, akaingia chuo cha maofisa wa jeshi Woolwich. Mwaka 1917 homa hiyo hiyo ya uti wa mgongo ikamwacha kiziwi kabisa, na uofisa ukaishia hapo. Akaenda Oxford kusoma kemia, akapata udaktari wake London kwa utafiti wa metali, na mwaka 1925 akarudi Oxford, ambako idara ya metali haikuwepo. Akawa anafanya utafiti wake miongoni mwa wanakemia, miaka nenda miaka rudi.

Swali lake lilikuwa hili: kwa nini metali nyingine hupokeana na nyingine hukataana? Shaba na nikeli huchanganyika kwa kiasi chochote upendacho. Zinki nayo shaba huipokea, ila ikifika kama atomu 38 katika kila 100, basi. Risasi ndiyo karibu haiitaki kabisa. Mafundi walikuwa wakiyajua mengi ya hayo kwa mikono yao. Sababu ndiyo iliyokosekana.

Hapa ndipo inapoingia kazi yangu mimi, kwa hiyo nivumilie. Tangu mwaka 1912, Max von Laue na wenzake walipopitisha eksirei kwenye fuwele (kitu ambacho atomu zake zimejipanga kwa safu), na akina Bragg, baba na mwana, wakaonyesha namna ya kuzisoma, tunaweza kupima umbali kati ya safu za atomu. Miale hurudi kwa nguvu katika pembe fulani tu. Ukiijua pembe na urefu wa wimbi, umbali unaukokotoa. Sasa ongeza zinki kidogo kwenye shaba. Mistari ya difraksheni, yaani zile pembe ambazo miale hurudi kwa nguvu, inahamia pembe ndogo zaidi, kwa sababu atomu za zinki ni kubwa kidogo na zinazisukuma jirani zake. Ongeza tena, inahama tena. Kisha unafika mahali mistari ile haihami hata uongeze vipi, na kando yake inachomoza mingine mipya: fuwele ya aina nyingine imeanza kuota ndani ya ile ya kwanza. Huo ndio mpaka. Nimeiona mara nyingi kazini na bado hunisisimua.

Mwaka 1934, pamoja na wenzake Mabbott na Channel-Evans, Hume-Rothery alitoa kanuni ya ukubwa: vipenyo vya atomu vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, metali hizo zitapokeana kidogo tu. Nikeli inatofautiana na shaba kwa chini ya 3. Risasi, kwa zaidi ya 35. Ukubwa ukikubaliana, bado si hakikisho. Yapo mengine, na moja ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Mpe binti kalamu. Kila atomu ya shaba (Cu) inatoa elektroni 1, zinki (Zn) 2, alumini (Al) 3, bati (Sn) 4. Achukue aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya Cu5Zn8: elektroni 21 kwa atomu 13. Cu9Al4: 21 kwa 13. Cu31Sn8: 63 kwa 39, yaani 21 kwa 13 tena! Aloi tatu ambazo fomula zake hazifanani hata kidogo, na eksirei zinaonyesha zina muundo wa jamaa moja. Hume-Rothery alianza kuhesabu hivi mwaka 1926 kwa uwiano wa elektroni 3 kwa atomu 2, ule wa CuZn na Cu3Al. Westgren na Phragmén wa Stockholm wakauona huu wa 21 kwa 13. Na mwaka huo huo Bradley na Thewlis kule Manchester wakapanga atomu zote 52 za kisanduku kimoja, kile kinachojirudia katika fuwele nzima, cha Cu5Zn8. Idadi ya elektroni inaamua atomu zikae vipi. Kabla ya hapo nani angethubutu kusema hivyo?

Mwaka 1937 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza. Mwaka 1958 Oxford ikamfanya profesa wake wa kwanza wa metali, na aliishi hadi 1968. Kanuni zake bado tunazifungua tunapotafuta aloi mpya.

Pamoja na barua hii nakutumia grafu za difraksheni za shaba tupu na za shaba yenye zinki. Urefu wa wimbi la eksirei ni angstromu 1.54 (angstromu 1 ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Binti asome pembe, akokotoe umbali wa safu, aniandikie alichokipata. Nitamjibu mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Na kama kikokotoo chake hakina sine, niambie mapema nikitume kingine na mtu anayekuja huko.

Nisalimie watoto.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.