Tusome kasoro zilizoandikwa kwenye cheti, tusiishie kwenye neno “imefaulu”

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie namna tunavyoyasoma matokeo ya ukaguzi wa usalama wa skuta ndogo. Mwenye chombo huuliza kama kimefaulu au kimeanguka, naye anayetaka kununua iliyokwishatumika huuliza aina hiyo hufaulu kwa asilimia ngapi, kisha huilinganisha na aina nyingine na kufanya uamuzi. Kwa maoni yangu, habari tunayoihitaji zaidi imo katika maelezo ya kasoro, ambayo wengi wetu hatuyafikii.

Asilimia ya kufaulu hutegemea mno umri wa vyombo vilivyopimwa. Nchini Uingereza, ambako takwimu za ukaguzi hutolewa hadharani, skuta hupimwa kwa mara ya kwanza inapotimiza miaka mitatu na kila mwaka baada ya hapo. Aina iliyoingia sokoni hivi karibuni itaonekana imara kuliko iliyouzwa miaka ishirini iliyopita, hata kama ya zamani iliundwa vizuri zaidi. Isitoshe, mmiliki mmoja huipeleka skuta kwa fundi kwanza, mwingine huipeleka jinsi ilivyo ili aambiwe kibovu ni kipi, kwa hiyo asilimia hiyo hueleza tabia za wamiliki pamoja na ubora wa chombo.

Kasoro zenyewe, kinyume chake, zina manufaa ya moja kwa moja, kwa kuwa nyingi zinazoiangusha skuta ndogo zinaonekana kwa macho au zinasikika mkononi kabla mkaguzi hajaiona. Taa ni mfano mzuri. Watu wengi hubonyeza breki moja, wakaona taa ya nyuma inawaka, wakaridhika, ilhali kwa kawaida kila mkono wa breki una swichi yake, na ile ya upande wa pili inaweza kuwa imekufa muda mrefu bila mwenyewe kujua. Dereva anayemfuata nyuma ndiye anayekosa ishara, na hiyo ndiyo sababu mkaguzi hujaribu breki zote mbili. Balbu ya indiketa, honi na mwelekeo wa taa kubwa ni mambo ya dakika chache tu.

Tairi zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu skuta nyingi hutumia magurudumu madogo ya inchi 10 au 12, ambayo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita na kuingia shimoni kwa kishindo kikubwa kuliko gurudumu la pikipiki. Sheria ya Uingereza inataka kashata, yaani meno ya tairi, zisipungue kina cha milimita 1 kwa pikipiki yenye injini inayozidi sentimita za ujazo 50, na kwa ile isiyozidi kiwango hicho inataka mifereji ya awali ya tairi iendelee kuonekana. Hata hivyo, tairi la skuta isiyotembea sana linaweza kuzeeka kabla ya kuwa kipara. Lichunguzwe ubavuni kama lina nyufa, na zisomwe tarakimu nne za mwisho katika alama inayoanza na herufi DOT hapo ubavuni, kwani mbili za kwanza ni wiki na mbili zinazofuata ni mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kwenye breki, skuta nyingi zina diski mbele na ngoma nyuma. Breki ya ngoma mara nyingi huwa na kishale cha kuonyesha uchakavu karibu na mkono unaovutwa na waya, na kishale hicho kikipita alama breki inapokamatwa, kuendelea kukaza waya ni kuficha ugonjwa. Upande wa diski, mafuta ya breki hunyonya unyevu, na ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama pedi bado ni nene.

Beringi za usukani ndizo ninazoziona zikipuuzwa kuliko vyote. Isimamishe skuta kwa stendi ya kati, gurudumu la mbele liwe hewani, kisha geuza usukani taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukisikia unakwama kidogo pale katikati, njia ya gololi imebonyea, kwa kuwa hapo ndipo inapopigwa na barabara muda wote chombo kinapokwenda moja kwa moja. Shokapu inayovuja na bushi za injini zilizolegea ziangaliwe siku hiyohiyo, pamoja na ekzosi iliyoliwa na kutu.

Mhariri, tangu tarehe 20 Mei 2018 wakaguzi wa Uingereza huzigawa kasoro katika makundi matatu, yaani za hatari, kubwa na ndogo. Mbili za kwanza huangusha chombo, ilhali ndogo huandikwa na cheti kikatolewa, pamoja na ushauri kuhusu kitu kinachokaribia kuchakaa. Skuta iliyopewa ushauri uleule kuhusu pedi au tairi mwaka baada ya mwaka imefaulu kila mara, lakini mnunuzi makini anapaswa kuona hapo kwamba haikutunzwa, kwa hiyo aombe vyeti vya miaka iliyopita. Akumbuke pia kwamba mkaguzi hafungui injini, hivyo mkanda wa kuendesha gurudumu la nyuma unaweza kuwa umebakiza siku chache huku cheti kikiwa safi.

Nasisitiza haya kwa sababu, tofauti na Uingereza, katika baadhi ya nchi skuta ndogo hazilazimiki kukaguliwa kabisa. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2014/45, lililoanza kuzigusa pikipiki tarehe 1 Januari 2022, linahusu zile zinazozidi sentimita za ujazo 125, na chini ya hapo kila nchi inajiamulia. Mwili wa mwendeshaji hauna kinga zaidi kwa kuwa injini ni ndogo.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, linapochapisha asilimia za kufaulu, liziambatanishe na umri wa vyombo vilivyopimwa pamoja na kasoro zilizojirudia. Kwa wakaguzi, ombi langu ni kwamba wasiandike tu “tairi bovu”, bali waandike ni tairi lipi, lina nini na ni upande gani, ili fundi na mwenye skuta wajue pa kuanzia.

Wako,
Msomaji na mwendesha skuta