Mwendokasi: zege lina mkopo, tairi halina

Mhariri,

Kila mabasi ya mwendokasi, yale yenye njia yao peke yao barabarani, yanapoadimika Dar es Salaam, lawama huwaangukia dereva, mkata tiketi na "menejimenti mbovu". Menejimenti inaweza kuwa mbovu kweli. Lakini hata ukileta malaika waendeshe mradi, hesabu ya basi moja bado haifungi, na hesabu hiyo hatuisikii ikijadiliwa hadharani.

Tuifanye hapa. Kimara hadi Kivukoni, katikati ya jiji, ni kilomita kama 16, kwenda na kurudi 32. Basi refu la mita 18, lile lenye kiungo katikati, hubeba watu kama 150 likijaa. Linakunywa dizeli lita 50 hivi kwa kilomita 100, yaani lita 16 kwa mzunguko mmoja. Tukadirie lita Sh3,000: mafuta ni Sh48,000. Nauli ya njia kuu ilianza Sh650 mwaka 2016 na ikapanda hadi Sh750 mwaka 2022. Jioni basi linaondoka Kivukoni likiwa limeshona, linaingiza Sh112,500. Linarudi mjini na watu 30, Sh22,500. Jumla Sh135,000, na kwa macho ya haraka hii ni biashara nzuri.

Sasa wahesabu wanafunzi. Wakiwamo 40 kati ya wale 150, kila mmoja akilipa Sh200, pengo ni Sh22,000. Hiyo ni karibu gharama yote ya dizeli ya safari ile ya kwenda Kimara. Hakuna mtu mwenye akili anayesema mtoto alipe nauli ya mtu mzima. Swali ni nani analifidia pengo hilo, na kwa sasa jibu ni gia boksi: fedha inayokosekana inakatwa kwenye matengenezo, kwa kuwa matengenezo hayapigi kelele siku hiyohiyo.

Kisha kuna uchakavu. Tuseme basi jipya la aina hii ni Sh800 milioni na litatembea kilomita 800,000 kabla ya kustaafu. Kila kilomita inapaswa kuweka akiba ya Sh1,000 ili siku basi likifa lipatikane jingine; kwa mzunguko ni Sh32,000. Toa mafuta, toa pengo la wanafunzi, toa akiba: kwenye Sh135,000 zinabaki Sh33,000. Humo walipwe dereva, wahudumu wa vituo, walinzi, umeme, bima, riba, mfumo wa tiketi na vipuri. Na huo ni mzunguko wa jioni, saa ya neema. Saa sita mchana basi hilohilo likienda na watu 40 na kurudi na 40 linaingiza Sh60,000, wakati mafuta na akiba peke yake ni Sh80,000. Hapo kila mzunguko ni hasara, na bado huwezi kuliacha limelala, maana abiria wa saa sita naye ana haki ya kusafiri.

Kinachofuata mafundi wa karakana wanakijua. Basi likizunguka mara nane kwa siku, kwa siku kama 310 za mwaka, hufika kilomita 80,000 hivi. Lina matairi kumi, na kwa mzigo ule seti nzima hubadilishwa kila mwaka, pengine mapema zaidi. Mifuko ya hewa ya springi hupasuka kwa kujaza kupita kiasi. Milango inasukumwa na abiria, silinda zake za upepo zinaanza kuvuja, na basi ambalo mlango haujafunga halitakiwi kuondoka. Fedha ya vipuri ikikosekana, basi moja huchinjwa ili mengine matatu yatembee. Kwenye vitabu yanaandikwa mabasi manne, barabarani yapo matatu, na lile la nne halifufuki tena.

Awamu ya kwanza ya mradi, hiyo ya njia ya Kimara, ilianza Mei 2016 na mabasi 140, wakati mpango wake kamili ulitaka 305. Mengine 70 yalipoletwa mwaka 2018, yalikwama bandarini muda mrefu kwa mvutano wa ushuru, yakizeeka bila kubeba mtu. Yale 140 yalinunuliwa kwa pamoja, hivyo yalifikia kwa pamoja umri wa kufunguliwa injini kwa matengenezo makubwa, na hakukuwa na mfuko ulioandaliwa kwa mwaka huo. Ongeza mafuriko ya Mto Msimbazi yaliyoingia karakana ya Jangwani: maji ya tope yakishafika kwenye beringi za magurudumu na kwenye kompyuta ya gia, basi hukauka nje na kuoza ndani.

Barabara yenyewe ilikuwa na mwenyewe. Benki ya Dunia ilikopesha awamu ya kwanza, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikakopesha ya pili, ile ya Mbagala, na deni linalipwa na Hazina. Basi liliachiwa nauli. Ndiyo maana njia ya Mbagala ilikamilika, ikakaa ikisubiri mabasi, watu wakiendelea kubanana kwenye daladala pembeni ya zege jipya.

Bogotá, mji mkuu wa Kolombia tulikouiga mfumo huu, walianza Desemba 2000 wakijitapa kwamba nauli inatosha. Leo wana mfuko wa umma unaofidia tofauti kati ya gharama halisi ya abiria mmoja na nauli anayolipa. Hatuna sababu ya kujifanya sisi tutaweza walichoshindwa wao.

Mtoa huduma alipwe kwa kilomita aliyotembea, si kwa vichwa alivyobeba, na bei ya kilomita ipitiwe kila miezi sita kwa kufuata bei ya dizeli au gesi na thamani ya shilingi, kwa kuwa vipuri vinanunuliwa kwa fedha za kigeni. Nauli zote ziingie akaunti moja isiyo yake. Pengo la wanafunzi liwe na kasma yake kwenye bajeti ya Serikali, lilipwe kila mwezi kwa idadi iliyosomwa getini. Kwa tiketi za karatasi zinazochanwa kwa mkono hilo haliwezekani. Sehemu ya ada ya maegesho ya katikati ya jiji ije kwenye akiba ya mabasi.

Kuna fedha nyingine tunaimwaga bila kujua. Kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa, mzunguko wa Kimara huchukua dakika 77, na ukitaka basi kila baada ya dakika mbili unahitaji mabasi 39. Bodaboda wakiingia njia ya mwendokasi na trafiki akashikilia makutano kwa mkono, kasi ikashuka hadi 16, unahitaji mabasi 60 kwa huduma ileile. Mabasi 21 ya ziada kwa makadirio yetu ya hapo juu ni Sh16.8 bilioni, kwa sababu ya taa zisizoachwa zifanye kazi.

Na mabasi ya njia za Gongo la Mboto na Tegeta yasinunuliwe kwa mkupuo. Yaje kwa mafungu matatu, mwaka hadi mwaka, na mkataba wa kila fungu utaje tangu mwanzo akaunti itakayolipia matairi ya mwaka wa pili na injini ya mwaka wa saba.

Msomaji,
Ubungo, Dar es Salaam