Barua kwa Mama: tulivyokwenda Koblenz kwa pikipiki

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo wewe na Baba, na nyanya, na wote hapo Mkomani, Lamu. Mimi mzima, kazi yaendelea, alhamdulillah.

Najua dada amekuonyesha ile picha ya pikipiki, na najua umeshtuka. Tangu jirani yetu avunjike mguu kwenye njia ya kwenda kijiji cha Hindi, hutaki hata kusikia mlio wa bodaboda. Ndiyo maana nakusimulia mwenyewe.

Huku Ujerumani, miji ya kando ya mto Rhine hurusha fataki wakati wa kiangazi, sherehe yenyewe waiita Rhein in Flammen. Ya Koblenz huwa Jumamosi ya pili ya Agosti. Tulitoka Mainz mchana: vijana wa Mombasa, mmoja wa Tanga, na Mjerumani tunayefanya naye kazi, ambaye ndiye aliyetuongoza. Kabla ya kuondoka alikagua matairi, breki na taa za kila mtu. Akasema hakuna kupitana. Nyuma yake akamweka yule aliyepata leseni karibuni, ili mwendo wetu sote uwe wa yule asiye mzoefu. Wa Tanga, mzoefu kuliko sote, akafunga msafara. Palipo na njia iliyonyooka tulikwenda zigizaga, huyu kushoto, anayefuata kulia, kila mtu akiacha nafasi ya kutosha kufunga breki. Kwenye kona tukapanga mstari mmoja. Jua lilikuwa kali, tukaloa jasho ndani ya majaketi na glavu, lakini hakuna aliyevua kitu.

Kutoka Bingen hadi Koblenz ni bonde la kilomita 65, ambalo UNESCO ililiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya mji wetu wa Lamu. Ngome za kale ziko vilimani, na mizabibu imepandwa kwenye miteremko mikali hata sielewi wavunaji husimamaje. Mwambie Baba kwamba penye jabali la Loreley mto umebanwa, una kona na mkondo wa nguvu. Wameweka taa ukingoni za kuwaarifu manahodha wanaopanda mto kama kuna chombo kinashuka. Nilisimama pale nikamfikiria yeye na mkondo wa kisiwa cha Manda.

Koblenz ndipo mto Mosel unapoingia Rhine. Jua huzama karibu saa tatu usiku wakati huo, kwa hivyo tulisali magharibi kwenye nyasi za ukingoni, tukala mikate tuliyobeba, tukangoja. Kisha zikaja meli kutoka upande wa kijiji cha Spay, msafara mzima, zimewashwa taa tezi hadi omo. Mama, watu walipiga vigelegele! Halafu ngome ya Ehrenbreitstein, ng'ambo ya mto, ikaanza kurusha fataki. Waona mwanga kwanza, mshindo wafika baadaye, wagonga vilima na kurudi tena. Mdogo wangu wa mwisho, anayesoma kemia, mwambie wekundu ule hutokana na strontiamu, kijani ni bariamu, na buluu ni shaba. Buluu ndiyo ngumu kuliko zote, kwani moto ukizidi rangi hufifia. Niliitafuta kila mara, na ilipotoka safi nilishangilia. Nikakumbuka usiku wa Maulidi, matwari yanalia na msikiti wa Riyadha umefurika, nikatamani sana ungekuwa ubavuni mwangu.

Hatukurudi kwa haraka. Tulisubiri umati upungue, na wawili waliochoka wakalala kwa rafiki hapo hapo mjini. Kiongozi wetu hakumlazimisha mtu.

Sasa lililo moyoni mwangu ni kaka yangu na bodaboda yake ya Mokowe, huko bara. Sheria yetu yamtaka yeye na abiria wake wavae helmeti, naye anayo moja tu, tena huitundika kwenye usukani. Nimemtumia dada pesa za helmeti mbili kwa M-Pesa. Zisiwe zile za plastiki nyepesi. Ziwe ngumu, zenye mkanda unaofunga vizuri kidevuni, na ya abiria imtoshe mtu mzima. Dada akishanunua, kaka anipigie simu ya video, azivae nizione. Nawe Mama ukivuka kwenda Mokowe, usipande kwake wala kwa mwingine bila kuivaa, hata kama ni hapo karibu tu.

Msalimie nyanya, mwambie dawa zake za magoti nitazituma na mtu anayekuja mwezi ujao.

Mwanao akupendaye